Rangi "inajifunga" kwenye DNA, au "inashikamana" nayo?

Msomaji mmoja anaandika ripoti ya maabara kwa Kiswahili, kapima kwa spektroskopia (kupima mwanga unavyofyonzwa) jinsi rangi ya sintetiki inavyokaa kwenye DNA. Msimamizi wake kamkatia "rangi inajifunga kwenye DNA" na hakumwambia aweke nini badala yake. Ananiuliza aandikeje.

Msimamizi kakata sawa. Mtu anajifunga mkanda, anajifunga kibwebwe, na kwenye mpira ukijifunga umetia bao langoni kwako mwenyewe. Afu kidole kikiteleza ukaongeza u moja tu, rangi yako inajifungua, hapo tutafute mkunga. Sio kwamba -ji- ni mbaya, ni kwamba kwenye jifunga tendo linaishia kwa mtendaji mwenyewe na DNA inabaki imesimama pembeni.

Tumia shikamana. Ile -man- ndio ile ile ya fungamana na gandamana, vitu viwili vimekaa pamoja na hali inaendelea, na inadai "na": rangi inashikamana na DNA, sio kwenye DNA. Uzuri wake haisemi kinachoshikilia ni nini, maana nyingi ya rangi hizi zinashikamana na DNA halafu zinaweza kuachia, ndo maana "imeungana na DNA" naiogopa, mtu wa kemia akisoma atadhani kuna kifungo cha kovalenti, kile imara cha atomu kushirikiana elektroni.

Ila ukishajua rangi imekaa wapi, achana na neno la jumla. Rangi ya ethidiamu bromaidi inaingia katikati ya jozi za besi, zile ngazi za ndani ya DNA, namna ya kukaa ambayo mwanasayansi Leonard Lerman aliipendekeza 1961, na jozi zinaachana kutoka nanomita 0.34 hadi karibu mara mbili yake ili kuipa nafasi. Hapo sema inajipachika, au inajichomeka, kabisa (na hapa -ji- iko kazini kwa haki). Rangi nyingine, Hoechst 33258, haichomeki popote, inalala kwenye mfereji mdogo wa DNA (ule mwembamba unaozunguka nje yake), hasa penye besi A na T nyingi, so andika inalala. Zile zenye chaji chanya zinazovutwa tu na fosfeti za uti wa nje wa DNA, zinaganda kwa nje.

"DNA imeshika rangi" pia iko poa, kama nguo inavyoshika rangi, lakini iishie kwenye jeli ya kutenganishia DNA. Kwenye grafu msamiati wa nguo utakuponza. Ethidiamu ikijipachika, kilele chake cha ufyonzaji kinashuka na kuhama kutoka nanomita 480 hivi hadi karibu 520, sasa mtu anaona kilele kimeshuka anaandika "rangi imepauka". Kupauka ni kuharibika, na hapa molekuli ni nzima, tena ukiimulika inang'aa kama mara 20 zaidi ya ilivyokuwa peke yake majini! Andika tu kilele kimeshuka na kusogea upande wa mawimbi marefu.

Kingine, usiniandikie "rangi ya rangi imebadilika". Kiswahili kimeibebesha rangi mizigo miwili, kitu unachotia na kile jicho linachoona, kwa hiyo cha kwanza kiite molekuli ya rangi na cha pili rangi ya myeyusho.

Na kufyonza mwanga au kusharabu mwanga, yote sawa, chagua moja ufike nalo mpaka ukurasa wa mwisho.