Hoja iliyonimalizia mtaji Mwaloni

Kuna mwaka nilinunua magunia 20 ya dagaa kwa mkupuo mmoja pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, nikayafungia stoo. Hesabu yangu ilikuwa fupi: mzigo ukiadimika, bei hupanda, dagaa wanaadimika, basi bei itapanda. Aliyenipa hesabu hiyo ni shemeji yangu, mtu aliyekaa kwenye biashara ya samaki miaka mingi, na mimi sikuona pa kuitilia shaka.

Binti mmoja aliyekuwa akituanikia dagaa alinifuata. "Mama, hawajaadimika hawa. Ni mbalamwezi tu. Subiri giza liingie." Nilimwambia aendelee na kazi yake.

Dagaa wa ziwa letu, Victoria, huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukiwaka sana taa inakosa nguvu, na wavuvi wengi wanapumzika mpaka giza lirudi. Giza lilirudi. Mitumbwi ikaanza kuingia imejaa, bei ikaporomoka, na nilipofungua magunia yangu mengine yalikuwa yameshaingia wadudu. Mtaji wa miaka miwili ulikwenda hivyo.

Nililala nikijiuliza kosa lilikuwa wapi, maana kila nikiirudia ile hesabu naiona imenyooka. Na kweli ilikuwa imenyooka. Hoja yoyote ina kauli za msingi na ina hitimisho, nawe unaiuliza maswali mawili yasiyofanana. La kwanza: nikizikubali kauli hizi, je, nalazimika kulikubali hitimisho? La pili: kauli zenyewe ni za kweli? Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, ndiye tunayemjua kuwa wa kwanza kulipanga lile swali la kwanza likawa elimu ya mantiki. Hoja yangu ililivuka. Iliangukia la pili, kwa sababu dagaa hawakuwa wameadimika. Walikuwa ziwani palepale, na wavuvi wako nyumbani.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: mtu akikupa hoja tamu, ivunje vipande, uzishike kauli moja moja mkononi. Utamu mara nyingi uko kwenye muunganiko, na uongo umejificha kwenye kipande.

Upo mtego mwingine ambao nausikia ufukweni karibu kila wiki. "Kukiwa na mbalamwezi, dagaa hawapatikani. Jana hawakupatikana. Basi jana kulikuwa na mbalamwezi." Hapa kauli zote mbili za mwanzo zinaweza kuwa kweli na hitimisho likawa si kweli. Labda ulivuma upepo. Labda mafuta ya injini yalikosekana. Ukigeuza "ikiwa hili, basi lile" ukaisoma kinyumenyume, umeshatoka njiani.

Kinachoniuma mpaka leo, hata hivyo, ni yule binti. Alinipa sababu inayopimika kwa macho, ya kutoka nje usiku na kutazama juu, nami nikampima yeye: umri wake na kazi yake ya kuanika. Shemeji nilimpima kwa miaka yake sokoni. Wote wawili niliwapima watu, hoja zao sikuzigusa. Uzoefu wa mtu ni sababu nzuri ya kumsikiliza, lakini ukishamsikiliza bado unamdai sababu.

Suala la chanzo nalo linatupoteza sana. Hapa Mwanza ukiuliza furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi, walikwenda wapi, utajibiwa haraka: waliliwa na sangara. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akazidi kwenye miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Hayo ni kweli, na sangara aliwala kweli. Lakini kufuatana kwa matukio peke yake hakuthibitishi kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili, wala kwamba lilikuwa peke yake. Kipindi hichohicho uvuvi uliongezeka, na mbolea na uchafu kutoka nchi kavu vikayafanya maji yasionyeshe vizuri. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza waligundua kwamba furu huchaguana kwa rangi, na maji yakiwa machafu hawatambuani vizuri, hivyo aina zinachanganyikana. Anayesema "sangara tu" ataona dawa ni kumvua sangara, na mifereji ya maji machafu hataitazama.

Yule binti bado yuko Mwaloni, sasa ana meza yake mwenyewe. Nilimwomba radhi, na siku hizi sinunui mzigo bila kupita kwake. Wiki iliyopita aliniambia bei itashuka. Nikamuuliza kwa nini. "Wavuvi wamesema, mama." Wavuvi gani, wa mwalo upi, wangapi? Alinyamaza kidogo, akafunga kanga yake vizuri, akashuka majini kwenda kuwauliza.