Re: Wanafunzi watumie chatiboti kuandika ripoti za maabara?

Umeuliza kama uwakataze kabisa au uwaache tu, mi naona yote mawili hapana. Waache waitumie ila sio kwenye data na sio kwenye kuandika maelezo ya mwanzo, hayo mwanafunzi aandike mwenyewe hata kama Kiswahili chake kimepinda, ndo unajua kaelewa nini.

Shida kubwa iko kwenye sehemu ya majadiliano ya ripoti. Chukua jaribio la pendulamu (kigololo kinachobembea kwenye uzi), ukiiambia chatiboti ikuandikie vyanzo vya makosa itakumwagia upepo, makosa ya kibinadamu, saa kuchelewa kubonyezwa, yani maneno ya kubandika kwenye ripoti yoyote ile. Sasa mwambie mwanafunzi achore grafu ya T² dhidi ya L (T ni muda wa bembeo moja kwenda na kurudi, L ni urefu wa pendulamu). Kama alipima uzi tu akasahau nusu kipenyo ya kile kigololo, mstari hautapita kwenye sifuri, utakata juu kidogo kwenye T², lakini mteremko unabaki ule ule karibu 4.0 (kwa mita na sekunde) na g, yani mchapuko wa mvutano wa dunia, inatoka vizuri tu. Hilo linaonekana kwenye grafu YAKE, chatiboti haijaiona.

Inapofaa ni akishamaliza: aibandikie rasimu aiambie isiandike upya, imuulize maswali tu, vipimo vya SI (mita, sekunde n.k.) vimekaa sawa, hitimisho linatokana na jedwali au limedondoka tu. Na marejeo ayahakiki moja moja maana hizi programu hutunga vitabu visivyokuwepo, na jina la mwandishi juu 😅

Ukitilia shaka ripoti mwite akueleze grafu kwa mdomo, dakika 2 zinatosha.