Maswali Yenu: Matope, Maji na Ndege wa Pwani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu ardhioevu za pwani zilizokaushwa au kuzibwa zamani, na namna ya kuzirudisha ili ndege wapate tena pa kula na pa kupumzika. Nimechagua saba. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu kosa linalogusiwa humo nimeliona likirudiwa mno.

Kikundi chetu kimepewa uwanda mpana wa matope usio na hata jani. Tunataka kupanda mikoko ili ndege wapate makazi. Tuandae miche mingapi?

Msiandae hata mmoja, nawasihi, mpaka mkae hapo siku mbili tatu wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mtazame maji yakipwa.

Tope lile mnaloliona tupu limejaa uhai. Ndani yake mna minyoo, kombe wadogo, kaa, na konokono wasiozidi punje ya mchele. Maji yakianza kuondoka, vitwitwi, ndege wa pwani wanaotafuta chakula kwenye tope, hushuka kwa makundi na kuyafuata, na kila aina ina mdomo wake. Mwenye mdomo mfupi hudonoa juu juu, mwenye mdomo mrefu uliopinda huuzamisha wote hadi kwenye shimo la mnyoo. Ndiyo maana mamia hula pamoja bila kugombania kitu kimoja. Wapo hata wanaolamba utando mwembamba wa vijimea na bakteria unaotanda juu ya tope. Utando huo kwa macho yetu ni utelezi tu, lakini kwao ni chakula kamili.

Ndege hawa wanataka uwazi. Mti kwao ni maficho ya kipanga. Mkiwapandia msitu kwenye uwanda wao wa kulia chakula, mtakuwa mmewafukuza kwa nia njema.

Halafu mikoko yenyewe haitawashukuru. Kwa kawaida hustawi sehemu ya juu ya eneo la kupwa na kujaa, ambako maji hufika na kuondoka na mizizi ikapata hewa. Chini zaidi, mche hukaa majini saa nyingi mno, hufunikwa na tope, hugandwa na chaza wadogo, hufa. Miche mingi hupandwa huko chini kwa sababu moja: tope halina mwenyewe wa kulalamika, ilhali mahali palipokuwa na mikoko kwa kweli sasa ni bwawa la samaki au shamba lenye hati. Jambo hili linaniuma. Ulizeni wazee mikoko ilisimama wapi, mkapapiganie hapo. Maji yakirudi na mikoko mizazi ikiwa karibu, mbegu huelea zikaja zenyewe, na kila moja ikaota inapopapenda.

Basi kazi ya kwanza ni ipi?

Maji. Tafuteni kilichoyazuia: tuta, barabara isiyo na makalvati ya kutosha, mfereji, ukuta. Kisha pimeni kimo cha ardhi dhidi ya maji kujaa na maji kupwa, maana tofauti ya sentimita thelathini tu inaweza kuamua kama mtapata tope, nyasi za chumvi au mikoko.

Watu huchukulia kwamba ukibomoa tuta mambo yatajipanga. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ardhi iliyozungushiwa tuta kwa miaka mingi hukauka, hushindiliwa na kushuka, na wakati huohuo haipokei tope jipya linaloletwa na bahari. Ukiifungua ghafla unapata ziwa la kina ambalo mguu wa kitwitwi haufiki chini. Kwenye kisiwa cha Wallasea, Essex nchini Uingereza, walikabiliwa na hilo hasa. Shirika la ndege la RSPB lilipokea zaidi ya tani milioni 3 za udongo uliochimbwa kwenye mahandaki ya reli mpya ya London, likainua mashamba yaliyoshuka, likachonga vijito na visiwa, ndipo mwaka 2015 ukuta wa bahari ukatobolewa. Si kila mtu atapata udongo wa handaki, najua. Lakini mpangilio ule wa kupima, kuinua, kuchonga, kisha kufungua ni wa kuigwa hata kwenye ekari mbili.

Ndege watarudi baada ya muda gani?

Inategemea ni ndege gani. Korongo na yangeyange hufika mapema sana, kwa sababu samaki wadogo huingia na maji ya kwanza. Vitwitwi husubiri minyoo na kombe wakae kwenye tope, jambo la misimu kadhaa. Wale wanaotaga ndani ya majani marefu ya chumvi huhitaji miaka mingi zaidi, mpaka mimea ishikamane na vijito vijichimbie njia. Msipeleke ripoti ya kushindwa mwaka wa pili.

Mashamba ya chumvi yaliyoachwa karibu nasi yamejaa ndege. Mtaalamu mmoja anasema yabomolewe yote yawe kinamasi cha asili. Ni sawa?

Si yote. Kwenye ghuba ya San Francisco, Marekani, sehemu kubwa ya vinamasi vya asili ilikuwa imekwisha potea, na ndege wengi wakawa wamezoea madimbwi ya chumvi. Mwaka 2003 kiasi cha hekta 6,000 za madimbwi hayo zilinunuliwa ili zirejeshwe. Waliamua mengine yafunguliwe kwa bahari, na mengine yabaki madimbwi yenye milango ya maji, kina kikidhibitiwa, na visiwa vidogo vya kutagia vikijengwa ndani. Kuna ndege mdogo huko, wa rangi ya mchanga, anayetaga juu ya chumvi kavu tupu. Kinamasi kizuri kabisa kingemwondolea nyumba. Kwa hiyo hesabuni kwanza nani anatumia nini, na wakati gani wa maji, ndipo mguse tuta.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi. Ndege wenyewe wanakaa kwetu miezi michache tu kisha wanakwenda zao. Ghuba moja ndogo ina umuhimu gani?

Marahaba. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Yuko ndege aitwaye godwiti, mwenye mdomo mrefu uliopinda juu kidogo. Mwaka 2022 kinda wa miezi kama mitano aliyefungwa kifaa cha setilaiti aliruka kutoka Alaska, kaskazini mwa Amerika, hadi Tasmania, kisiwa cha Australia, kilomita 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Hawezi kuelea baharini akapumzika kama shakwe. Kabla ya safari hula mpaka mafuta yawe sehemu kubwa ya uzito wake, na matumbo yake hupungua ili asibebe mzigo asioutumia njiani. Anapotua amebaki mifupa na misuli. Anataka tope lenye minyoo pale pale, siku ile ile.

Sasa fikiria tope hilo limefukiwa. Korea Kusini ilijenga ukuta wa kilomita 33 huko Saemangeum, na mwaka 2006 ukaifunga bahari. Makumi ya maelfu ya vitwitwi wakubwa walikuwa wakitua hapo kila mwaka. Wengine wetu tungesema watasogea ghuba ya jirani. Hawakuonekana kwa idadi hiyo ghuba za jirani, na huko Australia wanakokwenda kukaa miezi wasiyozaliana, idadi yao ilishuka. Ghuba za jirani zilikuwa na walaji wake tayari. Hiyo yako, hata iwe ndogo, huenda ndiyo kituo pekee kwa ndege aliyebakiwa na nguvu ya kilomita hamsini.

Tukirudisha kinamasi, mbu hawataongezeka?

Mbu hupenda maji yaliyotuama yasiyo na samaki, yaani hali ile ile ya ardhi iliyozibwa nusu nusu. Maji yakiingia na kutoka kila siku, na vijito vikiwapitisha samaki hadi pembeni, viluwiluwi huliwa. Angalieni mashimo yanayobaki na maji baada ya bamvua, muyaunganishe na mkondo.

Tumefungua maji, minyoo ipo, lakini ndege wanaruka ruka tu hawatulii. Tumekosea wapi?

Nendeni maji yakiwa yamejaa, si yakiwa yamekupwa. Wakati huo tope lote limefunikwa na ndege wanahitaji mahali pakavu pa kusimama, wazi na tulivu, karibu na mahali wanapokula. Mara nyingi ni ukingo wa mchanga, tuta la zamani, au kisiwa cha kokoto. Pakiwa na mbwa, pikipiki au wapiga picha, kundi zima huruka, huzunguka, hutua, huruka tena, na mafuta waliyokusanya asubuhi yanateketea hewani. Wekeni kamba na kibao, muwaombe watu wapite upande wa pili kwa zile saa chache za maji kujaa, kisha mrudi bamvua ijayo mhesabu tena.