Bei ya pweza imehamia kwenye grupu: jibu kwa aliyeuliza 5G inatusaidia nini

Mkuu mleta uzi umeuliza hizi 5G na intaneti za setilaiti zinambadilishia nini mtu wa kawaida huku mikoani au ni mambo ya watu wa Dar tu. Mimi nipo Tanga, nanunua pweza Kigombe, njia ya Pangani, naleta mjini pale Deep Sea, soko la samaki, kazi hii naifanya tangu 2011, kwahiyo nakujibu kwa niliyoyaona ufukweni.

Nilipoanza bei ilikuwa inatajwa kwa mdomo. Bamvua ikifika, yaani zile siku bahari inajaa na kupwa sana, maji yakipwa kina mama wanashuka mwambani na vyuma vyao, yakianza kujaa wanapanda na pweza, sisi wachuuzi tumekaa kivulini tunawasubiri, mmoja anataja bei, mwenzie anaongeza mia mbili, huyu nae anapanda, na yote hayo yanasemwa kwa sauti, mpaka mtoto aliyetumwa chumvi anajua leo kilo inakwenda ngapi.

Simu zilipoingia kwanza zilitusaidia wote, hilo lazima niseme. M-Pesa ilianza Kenya 2007, mwaka uliofuata ikaja kwetu, na uzuri wake inafanya kazi kwenye kitochi, unabonyeza *150*00# bila bando. Zamani nilikuwa natembea na kashi kiunoni roho juu juu, sasa mama anapokea hela yake palepale kabla sijanyanyua ndoo. Hata wavuvi wanapiga simu wakiwa bado majini waseme wamepata nini, ila mtandao wa GSM wa zamani una kikomo, kwa kawaida ukivuka kilomita 35 toka mnarani simu haishiki hata kama bahari iko wazi hakuna kinachoziba.

Halafu zikaja smatifoni na grupu la WhatsApp la wanunuzi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika na watu hawapazungumzii. Bei siku hizi inatumwa kwenye grupu kabla pweza hawajapanda, sie wachuuzi tunaiona, ufukweni tunakuja tumeshaelewana, hakuna tena wa kuongeza mia mbili. Kina mama wengi wana vitochi, hawamo.

Kuna bi mkubwa mmoja ambae nimemzoea sana, mkono wake wa kulia una makovu ya mawe ya miaka na miaka. Siku moja kaniuliza, "Mwanangu, leo wanachukua ngapi?" na mimi simu iko mkononi naiona bei, iko juu kwa 1,500 kwa kila kilo kuliko aliyoambiwa na mwenzangu dakika tano nyuma. Nikanyamaza kwa sababu mwenzangu yule amesimama pale. Alikuwa na kilo sita, piga hesabu mwenyewe, 9,000 imepotea mbele ya macho yangu na pweza wake nimembebea mimi hadi kwenye mzani. Jambo lile liliniuma na mpaka leo linaniuma.

Sasa nikwambie kilichotokea tarehe 12 Mei 2024. Ilikuwa Jumapili, bamvua ya mwezi mwandamo inaelekea kuisha, na nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima na Tanzania tuliumia sana. Kufika mchana grupu limeganda, kila ukituma ujumbe unabaki na kile kijisaa. Kupiga simu kawaida na kutuma hela kwa *150*00# vinaendelea, maana vile vinazunguka humuhumu nchini, havisubiri waya wa kutoka nje. Kina mama wakapanda, wachuuzi tukatazamana, hakuna mwenye bei ya kushikilia. Mmoja akataja yake. Mwingine akaongeza. Wallahi nilisikia ufukwe ule ule wa 2011, na yule bi mkubwa siku ile aliuza vizuri kuliko bamvua yote ile.

Kwahiyo mkuu, 5G ilianza hapa nchini 2022 na ni nzuri, siipingi. Lakini ujue masafa, yaani mawimbi ya mnarani, yanayobeba data nyingi, kama yale ya 3,500 MHz, hayaendi mbali, yale ya chini, kama 700 na 900, ndiyo yanafika vijijini, na ndio maana mnara wa 5G utauona kwanza penye watu wengi. Setilaiti za kisasa zinazozunguka kama kilomita 550 juu zinaweza kufika popote, hazicheleweshi kama zile za zamani zilizoko karibu kilomita 36,000, ila zinataka dishi na umeme na malipo ya kila mwezi. Kwa zahanati au shule naona faida kubwa. Kwa mama mwenye kitochi intaneti hata iwe na kasi vipi, kama bei iko ndani ya grupu ambalo hayumo, kasi hiyo inawafikia wanunuzi wake kwanza.

Na matapeli nao wamo, bi mkubwa alishatumiwa ile "hela tuma kwenye namba hii", ikabaki kidogo atume. Kama una mzazi mwenye simu kaa nae umwoneshe *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na hizo meseji za kitapeli azipeleke 15040.

Mimi nilichofanya, baada ya ile Jumapili niliandika namba za kina mama kumi na nne, na kila siku ya bamvua nawatumia bei kwa meseji ya kawaida kabla hawajapanda. Wachuuzi wawili walininunia, hawajanisemesha mwezi mzima. Nikaenda kwa watu wa BMU, ile kamati ya kijiji inayosimamia uvuvi ufukweni, nikawaomba waweke ubao pale pa kupimia, aliye na simu asome bei kwenye grupu aiandike kwa chaki kubwa. Walibishana wiki mbili. Ubao upo sasa, umeegeshwa kwenye mnazi, na bi mkubwa hajui kusoma vizuri ila tarakimu anazijua, akipanda anaupitia kwanza huo ubao ndio aje kwetu na ndoo yake.