Mifuko ya ndani ya santuri: angalia kinachogusa sahani

Mkuu, umeuliza ununue mifuko gani kwa LP zako, zile santuri kubwa, na zile 45 ndogo za Nairobi (za mizunguko 45 kwa dakika) ambazo karatasi zimechakaa, na kama ile ya plastiki laini inayong'aa inafaa.

Hiyo ya plastiki laini itoe leo. Ni PVC, aina ya plastiki. Santuri yenyewe ni PVC pia, ila ngumu. Ya mfuko imelainishwa kwa kemikali, na kemikali hiyo hutoka taratibu na kushika kwenye sahani. Kwa joto la Mombasa au Dar kazi hiyo huenda mbio zaidi. Utaijua kwa harufu kali na kunata mkononi. Inamisha santuri chini ya taa: ukiona utando kama pumzi kwenye kioo, santuri imeshaathirika. Mara nyingi hautoki kwa kuosha, na sindano ikipita hapo utasikia mchakacho.

Unachotaka ni HDPE, yaani polithini ya msongamano mkubwa. Ina weupe wa maziwa, inateleza, haina harufu. Polipropilini, plastiki nyingine, ni angavu na hulia ukiikunja. Haina sumu kwa santuri, lakini naiona inafaa zaidi kulinda kava kwa nje. Karatasi tupu hukwaruza, huacha vumbi na huzidisha umeme tuli, ndiyo maana sahani ikitoka tu inavuta kila unyoya ulioko chumbani.

HDPE tupu yenye kitako cha mviringo, mfano Nagaoka 102, huingia vizuri hata kwenye kava jembamba, ila hujikunja ukiisukuma kwa haraka. Ile ya karatasi iliyowekewa HDPE kwa ndani imesimama zaidi, lakini ni nene. Kava la zamani lenye gundi iliyokauka halitaki unene: ukibana mfuko mpya pamoja na ule wa awali, mshono wa chini utapasuka. Mfuko wa awali wenye picha au mashairi usiutupe. Uweke nje, kati ya kava na plastiki ya kulilinda.

Pima ndani ya kava kabla ya kuagiza. LP ni sentimita 30, 45 ni kama 17.5, na mfuko wa LP ndani ya kava la 45 hauna maana hata ukiukunja. Bajeti ikiwa ndogo, anza na zilizoko kwenye PVC, halafu zenye karatasi iliyochanika.

Osha kwanza. Mfuko mpya juu ya sahani chafu unafungia mchanga kwenye mifereji. Maji yaliyotoneshwa (distilled), tone la sabuni ya vyombo, suuza, kisha acha ikauke kabisa, lebo pia. Pwani hapo ndipo watu huharibu: unyevu kidogo ukifungiwa ndani ya plastiki, ukungu unaota. Shika ukingo na lebo tu. Mdomo wa mfuko uelekee juu ndani ya kava, si upande ule ule wa mdomo wa kava, ili vumbi lisiingie na sahani isidondoke. Panga wima, zisiegemeane.

Kama una zile za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika), za sentimita 25, ziache kwenye karatasi isiyo na asidi, usizitie plastiki. Na usiziguse kwa spiriti: hizo ni za sheleki, aina ya utomvu mgumu, na alkoholi huiyeyusha.