Jibu: Sadaka za akina mama wa Kiyahudi

Ndugu, umeuliza kama wanawake wa Kiyahudi walikuwa na vyama vyao vya kusaidia watu, au kazi yao ilikuwa kupika tu huku wanaume wakishika mfuko. Walikuwa navyo, tena vya zamani. Mwaka 1819 huko Philadelphia, Marekani, Rebecca Gratz na wenzake walianzisha chama cha kuwasaidia wanawake wa Kiyahudi waliokwama: chakula, kuni, nguo. Mwaka 1838 akafungua shule ya Jumapili, walimu wote wakiwa wanawake wa kujitolea. Hadassah, chama cha wanawake wa Kiyahudi kilichoanzishwa na Henrietta Szold, kilikuja 1912, New York, na mwaka uliofuata kikapeleka wauguzi wawili Yerusalemu.

Lakini kwangu mimi, mzizi uko nyumbani. Ijumaa jioni, kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, mama hudondosha sarafu kwenye kikopo cha bati, na mara nyingi humpa mtoto naye adondoshe yake. Neno lao, tzedakah, ni ndugu wa "sadaka" yetu, ila kwa Kiebrania limebeba maana ya haki. Yaani humfanyii maskini hisani, unampa kilicho chake. (Hilo nililipenda sana.)

Kujitolea nako si pesa tu. Iko kazi isiyotangazwa: kuosha maiti. Wanawake huoshwa na wanawake, kama kwa Waislamu wa kwetu, kisha huvikwa sanda nyeupe. Wao huuita wema wa kweli, maana anayetendewa hawezi tena kuulipa.