Kabla ya Kumwalika Mwimbaji Kwenye Kiitikio Chako

Mwaka 2014 nilirekodi wimbo wa rap katika studio ndogo mtaani Umoja, Nairobi, na kwa kuwa mimi si mwimbaji (hata wimbo wa taifa hunishinda pale sauti inapopanda), nilimwomba dada mmoja wa kwaya ya kanisa la jirani aniimbie kiitikio. Nilimtumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa pamoja na nauli ya matatu, nikadhani tumemalizana. Wimbo ulipoanza kupigwa redioni, watu waliniimbia kiitikio chake kila niliposhuka stejini, wala sikumpata hata mmoja aliyekariri ubeti wangu. Yeye alijisikia redioni akiwa jikoni kwao, mtangazaji akataja jina langu peke yake. Alinipigia simu jioni hiyo hiyo. Maneno yake sitayarudia hapa, ila yote yalikuwa halali yangu.

Tangu siku hiyo, kila kijana anayenijia na wazo la kolabo, yaani wimbo wa kushirikiana, mimi humwambia kwamba mgao na majina viamuliwe kabla maikrofoni haijawashwa, kwa sababu wimbo ukishapendwa kila mtu hukumbuka mapatano kwa namna inayomfaa.

Tazama yaliyotokea mwaka 2002 rapa wa Marekani, Nelly, alipomshirikisha Kelly Rowland, mwimbaji wa kundi la Destiny’s Child, katika “Dilemma”. Nelly hakuwa na shida ya kusikika, kwani wimbo wake mwenyewe, “Hot in Herre”, ndio uliokuwa kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, wakati “Dilemma” ilipokuja kuuondoa. Kolabo hiyo ilikaa nambari moja kwa majuma 10, ikashinda tuzo ya Grammy mwaka 2003, na albamu ya kwanza ya Rowland akiwa peke yake ikaharakishwa ili itoke wimbo ungali moto. Aliyealikwa alivuna kwa sababu jina lake lilikuwa pale juu, karibu na la mwenyeji. Hata melodia iliyochukuliwa kutoka wimbo wa zamani wa mwimbaji Patti LaBelle haikuchukuliwa bure, kwa maana watunzi wake wametajwa miongoni mwa watunzi wa “Dilemma”.

Hapo ndipo wengi wetu Nairobi hujikwaa. Wimbo mmoja hubeba haki za aina mbili: haki ya utungo, yaani maneno na melodia, na haki ya rekodi yenyewe. Mwimbaji aliyeimba ulichomwandikia ni mtumbuizaji, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua kwa kazi hiyo; lakini akibuni melodia ya kiitikio papo hapo studioni, jambo linalotokea mara nyingi kuliko marapa tunavyopenda kukiri, basi yeye ni mtunzi mwenzako na anastahili fungu katika utungo pia. Andikeni asilimia za kila upande, mtie sahihi, prodyuza naye asisahauliwe, kisha kazi isajiliwe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Unapoupakia wimbo mtandaoni, jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye ukurasa wake, herufi kwa herufi, la sivyo wimbo hautaonekana kwake.

Kuhusu muziki wenyewe nina machache. Ufunguo, yaani kimo cha sauti za wimbo, uchaguliwe kwa sauti yake, si kwa yako, nawe upunguze ubeti ikibidi. Spotify, huduma ya kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, na usikilizaji wa aina hiyo huingia katika hesabu ya chati kubwa, kwa hiyo kumficha mwimbaji hadi dakika ya pili ni kujinyima.

Nilipomhitaji tena yule dada, miaka mitatu baadaye, alikuja na kalamu yake. Aliisoma karatasi mara mbili, akafuta asilimia 20 akaandika 40, akanitazama hadi nilipotia sahihi, ndipo akaomba maji ya uvuguvugu.